Mistari Mitatu ya Ngusa

Baba yangu hajawahi kumwambia mtu apinde kushoto. Ukimuuliza duka la dawa liko wapi, anakuuliza kwanza umesimama ukiangalia wapi, kisha anakuambia nenda digrii mia na ishirini mpaka kwenye nguzo ya umeme iliyoinama. Wageni wa Bweri, mtaa wetu hapa Musoma, wanadhani anawatania. Sisi watoto wake tulikua tukijua kwamba chumvi iko kaskazini ya jiko na ndala za baba ziko mashariki ya mlango, na mimi nilichelewa kugundua kwamba kwenye nyumba za wenzetu watu husema tu, "hiyo hapo nyuma yako."

Anaitwa Robert Luhende, ana miaka sabini na minne, na mtaani wanamwita Mzee Dira. Kwa miaka mingi amewafundisha watoto wa skauti kusoma ramani, kule Makoko kwenye uwanja ulio karibu na ziwa, bila kulipwa hata soda. Anawapanga mstari, anawakagua, na kabla hajawaruhusu kufungua dira anawaamuru watoe kila kitu cha chuma: kisu, funguo, mkanda wenye kifungo kizito, simu. Vinawekwa kwenye kofia na kofia inapelekwa mbali. "Sindano ya dira ina macho," huwaambia. "Ikiona chuma karibu, inaacha kuangalia kaskazini." Watoto wanacheka, lakini wanatii.

Ujuzi huo aliupata ujanani. Alikuwa kijana wa Bunda aliyemaliza shule ya msingi na kurudi kwenye pamba ya baba yake, ndipo wapima ramani wakapita wakitafuta wabeba nguzo. Alitembea nao miaka minne, porini na milimani, akibeba na kutazama. Alipotazama vya kutosha wakaanza kumwachia apime. Siku ya kuagana mkuu wao alimpa dira kuukuu ya shaba, kifuniko kimechubuka, na baba akarudi nyumbani akatafuta mke.

Mimi naitwa Esther. Nafundisha darasa la tatu Kigera, na nina hasira za karibu, hilo nalisema mwenyewe kabla halijasemwa na wengine. Majirani wote wanamwita mama yangu Mama Esther. Baba peke yake anamwita Mama Ngusa. Ngusa alikuwa kaka yangu. Alizaliwa kabla yangu, akaishi miezi minane, akafa kwa homa, akazikwa kwenye nyumba yao ya kwanza, kule Bunda inapokaribiana na Butiama. Nilipokuwa mdogo nilimwonea wivu sana huyo Ngusa. Niliona ameshikilia jina la mama yangu na wala hafui, hachoti maji, hachapwi.

Siku zile kwetu mtoto mchanga hakujengewa kaburi. Alizikwa kando ya ukuta wa nyumba ya mama yake, pale maji ya paa yanapodondokea, na udongo ukasawazishwa. Haikuwa dharau. Mama mwenyewe anaishi hapohapo, anapita kila siku, alama ya nini tena? Hakuna aliyewaza kwamba nyumba yenyewe ingeondoka.

Mwaka 1974 ikaja Operesheni ya kuhamia vijijini. Wazazi wangu walipewa siku chache za kufungasha, kisha lori likaja. Ngusa alikuwa amezikwa miezi mitatu tu. Mama alikataa kupanda. Basi baba akafungua dira yake, akasimama pale alipolala mwanawe, akapima milima mitatu inayoonekana kutoka pale, Isene, Chambogo na Ryamugabo, akaandika namba tatu kwenye daftari. Akamwambia mama, "Nimemwandika. Hata wakifuta kila kitu, nitakuleta hapahapa." Mama alipanda lori kwa maneno hayo, na nadhani ndiyo aliyoishi nayo.

Kwa asiyejua, jambo hilo ni rahisi. Ukiwa na namba ya kila mlima, unakwenda kwenye ramani, unaweka kipimapembe juu ya mlima, unachora mstari wa kurudi ulikotokea. Mistari mitatu ikikutana, hapo ndipo uliposimama. Watoto wa Makoko wanaifanya kwa dakika kumi.

Mwaka jana, mwezi wa kumi, nikapigiwa simu na mtu aitwaye Mugeta. Alikuwa amepata namba yangu kwa watu watatu, kila mmoja akimsukumia kwa mwingine.

"Mwalimu, shikamoo. Baba yangu, marehemu, alikuwaga anasema ndani ya ngitili yetu kuna kaburi ya mtoto wa Luhende. Sasa mimi ile ngitili naifungua, nalima pamba. Trekta inaingia Jumatatu."

Ngitili ni malisho yanayotengwa kwa ajili ya kiangazi. Hayalimwi, ng'ombe wanaingia majani ya kwingine yakiisha. Ndiyo maana ardhi ile ilikaa miaka hamsini bila jembe.

"Mkinionyesha mahali, naacha," akasema. "Napanda na miti kuzunguka. Ila mkiniambia iko huko huko ndani, ekari arobaini siwezi kuacha, Mwalimu. Trekta nimeshaipanga."

Nilimwona muungwana. Mwingine angelima kwanza ndipo apige simu, au asipige kabisa.

Nilipowaambia wazazi, mama alikwenda kufua kitenge chake cha kanisani ingawa kilikuwa safi. Baba alitoa bomba la plastiki anamohifadhi ramani, akalisimamisha kando ya kiti chake, akakaa nalo. Hakulifungua. Ijumaa hakumaliza ugali wake, na hakunieleza samaki wangu wako digrii ngapi za sahani. Nilidhani ni furaha. Nilimwambia hata rafiki yangu shuleni kwamba baba amezidiwa na furaha.

Jumamosi asubuhi tulipanda Probox ya Clementi, jirani yetu. Baba alikaa mbele. Clementi alimsubiri aanze kumwelekeza kwa digrii kama kawaida yake, na jibu alikuwa nalo tayari, kwamba yeye anaendaga na barabara tu. Lakini baba hakusema neno mpaka tulipoacha lami. Mama alikaa nyuma na mimi, ameshika mkoba mapajani kwa mikono yote miwili, na kila kilima kilichotokea aliniuliza kama ndicho.

Mugeta alitungoja pembeni ya njia na baiskeli yake, mwanaume wa makamo, kofia mkononi. Alimwamkia baba, akamwamkia mama kwa kuinama, akasema karibuni nyumbani. Tukamwacha Clementi na gari tukaingia kwa miguu.

Sijui nilikuwa nategemea kuona nini. Nyasi zilifika kiunoni. Vichaka vya miiba, vichuguu vya mchwa, minyaa hapa na pale iliyobaki kutoka kwenye maboma ya watu waliohama. Mawe yalikuwa kila mahali, bapa kwa mviringo. Nyumba za udongo zilikuwa zimerudi kuwa udongo zamani. Mama alisimama akageuka pande zote nne, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeingia kwenye nyumba isiyo yake.

"Kulikuwaga na njia," alisema. "Inatoka kisimani."

"Kisima kilifukiwa, mama," Mugeta alijibu taratibu. "Mimi mwenyewe sijawahi kukiona."

Nikatoa simu. Nilisema, "Baba, tusisumbuke, simu ina ramani."

"Simu inajua uko wapi sasa hivi," alisema. "Haijui mimi nilikuwa wapi."

"Sawa. Namba tatu unazo, ramani unayo, milima ile pale. Tuonyeshe."

Hakufungua bomba. Alikuwa amelikumbatia kifuani na anaangalia Isene. Nikamwambia Mugeta ana kazi zake, jua linapanda, mama ana goti. Bado hakufungua. Hapo hasira zangu zikanifikia. Nilimnyang'anya baba yangu bomba, nikavuta ramani, nikaitandaza juu ya nyasi. Nikaona.

Mistari ilikuwa mitatu, na haikukutana. Ilikatana miwili miwili na kuacha katikati pembetatu kubwa iliyomeza ngitili yote ya Mugeta pamoja na mashamba ya jirani zake. Ndani yake ungeweza kuuweka mtaa wetu na kanisa na soko. Na karatasi pale ilikuwa imechakaa kwa ufutio. Alikuwa amechora, akafuta, akachora tena, akafuta tena, mpaka ramani imekuwa nyembamba na majani yaliyokuwa chini yake yalionekana.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu nilipoipata ramani. Tisini na moja."

Nilihesabu. Ilikuwa miaka thelathini na mitatu. Mambo mengi yalinijia mdomoni, na mengine yalitoka. Nilimuuliza ilikuwaje awafundishe watoto wa watu kila Jumamosi na wake mwenyewe amempoteza. Natamani nisingesema hivyo, lakini nilisema, na Mugeta alisikia akageuka kuangalia ng'ombe wasiokuwepo.

Mama alikuwa nyuma yangu. Aliweka mkono begani kwangu, nikanyamaza.

Baba akavua kofia. "Mama Ngusa," alisema, "mahali sipajui. Namba zangu ni mbaya. Nilipopata ramani nikajua ni mbaya, na sikukuambia. Nimekudanganya miaka yote hiyo." Alisema hayo wima, mikono imeshuka, na sauti yake haikuwa ile ya Makoko. Nilimwona mzee kwa mara ya kwanza.

 Mama aliuliza, "Ulikosea wapi?"

"Ningejua ningesahihisha. Dira ni nzima. Nimeijaribu Bweri, nimeijaribu Makoko, nimeijaribu juu ya mawe ya Bunda. Siku ile tu."

"Hebu simama ulivyosimama siku ile."

"Mama Ngusa, hata mahali penyewe..."

"Sijasema mahali. Nimesema ulivyosimama."

Baba akatii. Akafungua dira, akainua mpaka usawa wa kidevu, akaelekea Isene. "Hivi. Nilianza na Isene. Halafu Chambogo, halafu huyu wa nyuma."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa kwenye lori."

"Sikuwa kwenye lori." Mama alikuwa anasogea huku anasema. "Nilikuwa hapa. Mkono wako wa kushoto. Kulia kulikuwa na yule mgambo, nilikuwa namwogopa. Nilikaa hapa nikachungulia ile sindano, maana nilitaka nione unachoandika ni kweli. Ulivyogeuka, nikageuka na wewe." Alikuwa ameshafika. Kichwa chake kiligusa mkono wa baba chini kidogo ya bega. "Nilikuwa nimetoka kumsawazishia mtoto udongo. Jembe nilikuwa nayo begani."

 Baba aliishusha dira polepole mpaka tumboni.

"Bapa ya jembe ilikuwa mbele au nyuma?" aliuliza.

"Mbele. Nyuma kulikuwa na watu, ningemkata mtu."

"Mbele," alirudia. "Hapa."

Akaonyesha kwa kidole mahali patupu mbele ya bega la mama, shubiri mbili kutoka kwenye dira. Halafu akakaa chini kwenye nyasi, mzima mzima, kama mtu aliyeambiwa habari za msiba, ila alikuwa anacheka, na machozi yanashuka. Mugeta aliniangalia kuniuliza kama mzee anaumwa. Nikamweleza kuhusu kofia ya skauti na funguo na mikanda, kwamba kosa ambalo baba hamruhusu mtoto yeyote wa Musoma kulifanya, alilifanya yeye, siku ile moja. Kijana wa miaka ishirini na minne, mkewe analia, mgambo anapiga kelele. Jembe hakuliona. Alikuwa anamwona mama.

Nilifurahi, nikadhani imekwisha. Nikasema, basi, toa hizo digrii za jembe, chora upya.

"Ngapi?" baba akasema. "Kila mlima umedanganyika kivyake. Tulikuwa tunageuka. Siwezi kuhesabu jembe ambalo sijui lilikuwa zito kiasi gani."

"Si tusimame tu vilevile," mama akasema.

Tukamwangalia wote.

"Namba mbaya unazo. Jembe ikija, itazifanya mbaya tena. Pale zitakapokuwa mbaya kama za siku ile, si ndipo?"

Mimi nina cheti cha ualimu, na baba ana miaka hamsini ya dira, na hakuna kati yetu aliyewaza hivyo. Mugeta alikimbilia baiskeli, akaenda nyumbani kwake, akarudi na jembe la mkono. Baba akalipima kwa kiganja, akatikisa kichwa.

"Hii si ile."

"Na mimi si yule," mama akasema. "Simama."

Tukaanza. Baba, akiwa amerudiwa na sauti yake, alimfukuza Mugeta na panga lake hatua ishirini nyuma yetu. Simu yangu akaitaka iende naye, saa yangu nayo, mpaka pini za nywele. Mimi nikabaki na daftari la zamani na kalamu, nikitembea na nywele zimesimama. Mbele yangu walikwenda wao wawili, baba na dira usawa wa kidevu, mama kushotoni kwake, jembe begani, bapa mbele. Wakisimama, baba anasoma. Isene sitini na saba. Kwenye daftari ilikuwa sitini na mbili. Wanasogea. Chambogo mia na hamsini na tano, na tulitaka mia na arobaini na nane. Wanarudi kidogo, wanakwenda kulia. Kila wakigeukia mlima mwingine, wanageuka pamoja, na mama hakukosea hata mara moja mguu upi utangulie.

Goti lilimsumbua. Nilimwambia anipe mimi jembe, nami nisimame pale. Akasema mimi ni mrefu, nitaharibu. Ilikuwa kweli, lakini pia nilijua hataki. Nilikuwa nimewaona wazazi wangu miaka arobaini na minane, wakila, wakigombana kuhusu kuku, wakisali, na sikuwahi kuwaona wakiwa wamesimama karibu hivyo. Nililia nikiwa natembea. Kwa bahati walikuwa wamenipa mgongo.

Jua lilipokuwa utosini, Isene ilisoma sitini na mbili. Chambogo mia na arobaini na nane. Ryamugabo ikasoma mia mbili themanini na nane, na daftari lilisema themanini na saba. Nikasema digrii moja si kitu.

"Digrii moja ni hatua hamsini," baba akasema. Wakasogea. Ikasoma saba.

Baba akaangalia chini, nasi tukaangalia chini. Palikuwa na nyasi kama kwingine. Baba alieleza, na nilisikia ilivyomgharimu kulieleza, kwamba jembe si lile, mkono wake siku hizi unatetemeka, na kwa hiyo hapa si hapa hasa. Ni hapa na kuzunguka, labda uwanja mzima wa mpira. Alimtazama Mugeta kwa mbali. Uwanja wa mpira wa mtu mwingine ni kitu kikubwa kuomba.

Mama alivua viatu. "Sasa niachieni mimi," alisema.

Alishusha jembe begani akaanza kutembea peku, anapapasa kwa nyayo na kugonga ardhi kwa bapa kila hatua chache. Ilichukua muda. Jembe liligonga jiwe, akachutama, akasafisha, akainuka. Jiwe lingine, akainuka. Tulikuwa tumezoea kumwona akiinuka. La nne au la tano hakuinuka.

Ulikuwa mwamba bapa uliolala usawa wa ardhi, na katikati yake shimo refu lenye kina cha bakuli, limejaa udongo na mizizi. Mama aliukwangua kwa vidole mpaka ukatoka wote. Mahali pa kusagia mtama. Kila boma lilikuwa nalo, Mugeta alisema, hata kwa babu yake lilikuwepo. Mama hakumsikiliza. Aliingiza mkono kwenye lile shimo, akaupeleka mbele na kuurudisha, mbele na kuurudisha, akausimamisha kwenye ukingo mmoja ambapo jiwe lilikuwa na mbonyeo mdogo wa pembeni.

"Hapa nilikuwaga naweka kitako cha kiganja," alisema. "Bibi yenu aligomba sana, akasema nasaga vibaya. Ni langu hili."

Alipiga magoti mahali pa msagaji, jinsi alivyokuwa akikaa. "Jua la asubuhi lilikuwa linanipiga mgongoni, na nyumba nilikuwa naitazama. Nilisaga nikimwangalia Ngusa amelala mlangoni. Alivyokufa nikawa nasaga nikiangalia pale ukutani." Akainuka, nikamshika kiwiko. "Ni hatua tisa. Nilikuwaga natembea tisa. Sasa kwa goti hili, nipe kumi na moja."

Alihesabu kwa sauti. Baba alifuata nyuma yake na dira mkononi, na niliona ameifunga. Kwenye ya kumi na moja mama alisimama. Hakukuwa na kitu. Nyasi, kichuguu cha mchwa kilichokufa, ua dogo la njano ambalo liko kila mahali Mara. Alikaa chini, akatandika mtandio wake, akaweka kiganja kwenye udongo.

"Ngusa," alisema, kwa sauti ya mtu anayemwamsha mtoto. "Tumekuja. Baba yako yupo. Na huyu ni mdogo wako, anaitwa Esther. Ana kelele, lakini ni mwema."

 Nilikaa chini pembeni yake, mwanamke mzima mwenye wajukuu wawili, nikamsalimia kaka yangu. Wivu wote wa utotoni nilimwomba anisamehe, nikamwambia asante kwa kumwachia mama jina. Baba alipiga goti upande wa pili.  Aliweka kofia chini na kuanza kung'oa nyasi kwa mkono, moja moja, na alipomaliza mahali pa ukubwa wa ungo aliendelea.

Mugeta alikuja baada ya muda, panga lake ameliacha mbali bila kuambiwa. Akatembea kutoka kwenye jiwe la kusagia hadi kule kwetu na hatua kumi zaidi kila upande. Alikata matawi ya minyaa, akayachomeka kwenye kona nne.

"Trekta itazunguka," alisema. "Na jiwe inabaki. Nitamwambia na kijana wangu, akirithi ajue."

Baba akamshika mkono kwa mikono miwili. Kisha akasema lazima apime upya, sasa hivi, sawasawa, milima yote mitatu, kabla jua halijageuka. Alimwomba mama ampishe na jembe. Mama akaliweka begani, nikamshika mkono, tukaenda hatua thelathini upande wa mwamba. Tukasimama hapo kumwangalia akifungua dira, peke yake katikati ya minyaa minne.

Hasira zangu bado zilikuwa na masalia. Nikamuuliza mama kwa sauti ya chini, "Hukukasirika?"

"Kuhusu nini?"

"Amekuficha miaka thelathini na mitatu."

"Hajanificha," mama akasema. "Nilijuaga."

Nikamgeukia.

"Kila Jumapili tukitoka ibada anatoa ramani, anafuta. Mtu anayejua mahali anafutaga nini?"

"Sasa kwa nini hukumwambia unajua? Angepumzika."

"Ndiyo. Angepumzika." Alihamisha jembe kutoka bega moja kwenda jingine, macho yake kwa baba. "Angesema basi, amejua, yameisha. Angeacha ile ramani. Mimi nilikuwa na nyinyi wa kulea, sikuwa na nafasi. Nilitaka Ngusa awe na mtu anayemtafuta."

Kule mbele baba aliinua dira usawa wa kidevu, akaelekea Isene.

"Mama Ngusa," aliita bila kugeuka, "jembe imefika mbali?"

"Imefika."

"Esther, andika. Sabini na moja."

Nikaandika, chini ya ile sitini na mbili.